Kutoka Fuoni mpaka Wete, wiki ya kuzunguka kwenye mabanda ya maseremala wenzangu

Jumamosi, Fuoni

Fundi wa Fuoni tunajuana miaka kwa simu tu, tunaulizana nani kapokea mkangazi mkavu na bei imefika wapi, ila kwake nilikuwa sijafika hata siku moja. Na maseremala wengi wa hapa Unguja ndo tulivyo, kazi ya mwenzio ukiiona kwenye nyumba ya watu unaitambua palepale, utasema hii ya fulani, lakini pale anapoifanyia hupajui. Ndo nikaamua wiki hii sishiki kazi, nazunguka kwa wenzangu nione walivyojipanga, nizishike zana zao kama wataniruhusu, halafu nivuke na Pemba.

Banda lake liko nyuma ya nyumba, nguzo za mvinje, bati juu, ukuta wa matofali unaishia kiunoni na kutoka hapo kwenda juu ni wazi, upepo unaingia huku unatokea kule. Nikamuuliza mbona hukumalizia ukuta, akanambia hapa nakata sana mvule, na kweli mwenye kuujua mvule anaelewa, vumbi lake linawasha pua na kifua na wengine linawatoa vipele mikononi, kwa hiyo upepo kwake ni sehemu ya vifaa. Tena mvule una jambo jengine, mara moja moja ndani yake mnakuwa na jiwe, jiwe kweli la chokaa limejijenga humo mti ulivyokuwa unakua, msumeno ukikutana nalo meno yote yamekwenda. Yeye kabla hajapitisha ubao kwenye mashine anaugonga kwa nyundo ndogo kila baada ya shubiri, anasikiliza. Nimekaa namtazama anavyogonga na kusogeza, gonga, sogeza, na pahala pamoja akasimama akatia alama ya chaki, akasema hapa nitapakata kwa mkono.

Msumeno wa meza kautengeneza mwenyewe, mota kaifunga chini, uso wa chuma, na ile fensi ya pembeni kaifanya kwa pembe za chuma zinazokwenda na kurudi bila kucheza. Zana za mkono zimetundikwa ukutani na kila moja kaichorea umbo lake kwa maka peni, randa ina kivuli chake, skwea ina chake, kabla ya Magharibi anapitisha macho tu, penye kivuli kitupu anajua kuna kitu hakijarudi.

Halafu akanikaribisha ndani kunywa chai na hapo ndo nimeona kazi. Wateja wake anawafanyia makabati ya jikoni ya emdiefu, zile mbao za unga wa mti na gundi, maana ndo wanayotaka, haraka na bei nafuu, wala hawafichi kitu, anawaambia ukweli yakipata maji yatavimba. Lakini kabati la vyombo la mkewe kalijenga kwa mbao za paleti alizokuwa akiziokota kidogo kidogo, kazipiga randa moja moja, kaziunga kwa ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja, na milango inafunga kwa kidole. Nikamwambia kaka, hili mbona hulipigi picha ukawaonesha watu? Akasema hili la ndani. Jawabu hilo nimelala nalo.

Jumapili, Kikwajuni na Mji Mkongwe

Leo kwa mchonga nakshi, mtu mzima, namwita Ami kama wanavyomwita wote mtaani. Yeye banda hana, anafanyia barazani, kakaa chini, ubao kauweka mbele na kaubana kwa nyayo zake mwenyewe, klempu haijui. Patasi zake zimekunjwa ndani ya kipande cha turubai, ukikifungua zinatoka nyingi, za mdomo bapa, za mviringo, nyengine ndogo hata nikajiuliza anazishika vipi. Hazikununuliwa dukani. Nyengine zilikuwa tupa, nyengine springi za gari, kampelekea mhunzi kazipiga, vipini vya mpera kachonga mwenyewe, na kile kigongo anachogongea ni cha mkwaju, kimeliwa upande mmoja kwa miaka.

Nimemtazama akifanya ua moja tokea mwanzo mpaka mwisho. Anachora kwa penseli, halafu anakata mstari wa nje kwa patasi iliyosimama wima, pigo dogo dogo, hakuna nguvu pale. Kisha anachimba pembeni mpaka sehemu ya chini izame sawasawa, na mwisho ndo anaviringisha majani, hapo kigongo anakiweka, anasukuma kwa kiganja tu. Na saa zake za kazi zinafuata jua. Anachonga asubuhi na alasiri, mwangaza ukija wa ubavuni kila shimo linatupa kivuli na jicho linaona kina, ikifika saa sita jua liko utosini nakshi yote inaonekana bapa, basi anaacha kuchonga ananoa. Mimi nina taa mbili juu ya meza yangu na nadhani nikirudi moja nitaishusha niiweke pembeni.

Baada ya Alasiri tukatembea mpaka Mizingani, kwenye mlango wa Forodha ya zamani, akanionesha samaki na mnyororo waliochongwa pale, alama za watu wa bahari. Akawa ananipa darsa njia nzima, milango ile yenye juu tambarare ni ya Kiarabu, ile yenye upinde juu ni ya Kihindi, tazama mfaa, ule mti wa kati, ulivyochongwa, tazama njumu, yale mapambo ya shaba. Tulipofika mbele ya Bet el Ajaib akasimama. Jumba la 1883 la Sultan Barghash, Disemba 2020 sehemu yake ikaanguka, na milango yake mle ndani ni kazi ambazo Ami alizitazama tokea utotoni, akawa anarudi nyumbani anajaribu kuzichora mchangani. Hakusema mengi na mimi sikumuuliza.

Kwake ndani kuna sanduku la msaji alilomchongea binti yake, njumu za shaba zimepangwa uso mzima, chini droo tatu na nyuma ya droo ya kati kuna nyengine ndogo ya siri. Alinitaka niitafute. Nimepapasa, nimebonyeza, wapi. Kumbe unaichomoa droo nzima, unaingiza mkono, kuna kibao chembamba unakisukuma kushoto kwanza. Watalii wamelitaka kwa dola na hakuwapa. Duka la zawadi analiuzia vijisanduku vidogo vingi, hivyo vina njumu kama la binti lakini droo ya siri hazina.

Jumatatu, Nungwi

Nimepanda daladala ya 116 asubuhi. Wengi wakisema Nungwi siku hizi wanamaanisha hoteli, mie nimekwenda kwa waunda vyombo. Pale ufukweni kulikuwa na mashua moja nusu, mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, umeshalala, mataruma, mbavu zake, yamesimama, na fundi mkuu yuko juu na tezo, lile shoka la bledi iliyokaa kama jembe. Jamani tezo! Sisi wa fenicha tumeiacha kabisa, yeye anaondoa utando mwembamba wa mbao kwa tezo na uso unabaki karibu kama umepigwa randa, na bledi inapita sentimita chache kutoka kwenye mguu wake mtupu na wala hatazami mguu, anatazama mbao.

Nilichojifunza zaidi ni uchaguzi wa miti. Mataruma hayapasuliwi kwenye ubao ulionyooka, anatafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa pembe anayoitaka, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata ule upindo na haziishii njiani, ukilikata umbo hilohilo kwenye ubao ulionyooka nyuzi zimekatika na mawimbi yatalivunja hapohapo. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yake hakuna mbao zilizopangwa kama kwetu, kuna matawi, chungu nzima ya vigogo vilivyopinda, mgeni atadhani kuni. Yeye kila kimoja anakijua, hiki cha mbele, hiki cha nyuma, hiki kinangoja chombo ambacho hakijaagizwa. Nikafikiria miguu ya viti vyetu tunavyoikata mviringo kwenye ubao halafu tunashangaa kwa nini inapasuka.

Keekee, ile ya kutobolea kwa kuzungushwa na uta, bado anaitumia. Ana drili ya umeme imo ndani ya ndoo, lakini mafundi wake vijana wanashika ule uta wa keekee, huku na huku, tundu linatoboka taratibu na msumari mrefu ukiingia mbao haipasuki. Wenyewe wanasema ufukweni waya za umeme na maji ya chumvi havipatani, na mimi nimewaelewa.

Nyumbani kwake kuna meza ya kulia kaifanya kwa mbao za mashua iliyochoka, chombo alichokiunda baba yake. Matundu ya misumari yote yapo, na kila tundu limezungukwa na weusi wa kutu ulioingia kwenye mbao. Fenicha za namna hii zinapendwa sana mahotelini, na kuna mafundi wanazipiga msasa mpaka weusi unaisha, zinatoka safi. Mie nasema ni hasara, ule weusi ndo historia ya chombo. Yeye hata vanishi hakutia, kapaka mafuta ya nazi tu na mkono wa mkewe unaifuta kila siku, uso umekuwa laini kwa kufutwa.

Jumanne

Mvua tokea alfajiri. Nimenoa patasi zangu zote, nimeosha nguo, nimekata tiketi ya boti.

Jumatano, Mkoani mpaka Mtambile

Boti imeondoka Malindi asubuhi na bahari ilikuwa na mawimbi kidogo mbele ya Nungwi, watu wengi walilala. Mkoani nimepokewa na kijana wa mkerezaji, fundi anayechonga mbao zikizunguka, na gari ya Mtambile, njiani mikarafuu huku na huku, majamvi ya karafuu yameanikwa mbele ya nyumba na harufu inaingia mpaka garini.

Huyu mkerezaji nilimsikia kwa watu wengi, miguu ya vitanda vya samadari ukiikuta Pemba imekerezwa vizuri basi uwezekano mkubwa ni yeye. Kerezo yake, ile mashine ya kuzungushia mbao, inazungushwa na mota ya mashine ya kufulia nguo, kaifunga kwa mkanda kwenye magurudumu ya ukubwa tofauti ili apate mwendo wa pole na wa kasi, na mwili wa kerezo ni magogo mawili mazito ya mvule yaliyolala sambamba. Kwa nini mvule na si chuma? Uzito, anasema, gogo linameza mtikisiko. Nimeweka kiganja changu juu ya gogo mguu wa kitanda ukizunguka kwa kasi na nimehisi kidogo sana.

Nilichopenda ni kwamba hana kipimo cha karatasi. Ana mguu mmoja wa mama, kaukereza zamani, kautundika mbele yake, na kila anaoufanya anaulinganisha na ule kwa jicho na kwa kalipa ya bati aliyoikata mwenyewe. Miguu minne aliyoimaliza leo nimeipanga nimeichunguza pete kwa pete. Ziko sawa.

Halafu akanitolea stoo kerezo ya babu yake, ya uta na kamba. Kamba inazungushwa kwenye mti, mkono mmoja unavuta uta, mkono wa pili na mguu vinashika patasi. Mti unazunguka mbele halafu unarudi nyuma, kwa hiyo unakata wakati wa mbele tu, wakati wa nyuma unaiinua patasi kidogo, tena unakata, tena unainua. Akakaa chini akanionesha, na mzee yule mwili wote ulikuwa unafanya kazi moja. Akanipa nami nijaribu na nikatoa pete moja, wajukuu zake wakapiga makofi.

Nimelala kwake, juu ya kitanda alichokifanya alipooa. Miguu ya mfenesi, kamba za makumbi alizosokota mama mkwe wake. Makumbi wanayafukia pwani miezi kwenye tope mpaka yaoze nyama ibaki nyuzi, ndo yanapigwa yanasokotwa, kazi ya kina mama hiyo na ni kazi kubwa, tukisifu kitanda tuwasifu na wao. Kimefungwa upya mara kadhaa lakini mbao ni zilezile na hakilii hata ukijigeuza.

Alkhamis, Vitongoji

Hii siku naiandika kwa furaha kubwa. Vitongoji pana chuo cha mafunzo ya amali, na pale ndo alipojifunza dada mmoja ambaye sasa anafanya kazi kwao, ukumbini. Ukumbi wenyewe mwembamba, baiskeli ya kaka yake ikiingizwa yeye lazima asimame. Meza yake ya kazi inakunjwa ukutani kwa bawaba, ikishushwa ni meza, ikipandishwa watu wanapita, na zana zote zinaingia kwenye sanduku moja linaloingia chini ya kitanda. Mashine hana. Ana msumeno wa meno madogo, patasi nne, randa moja fupi, skwea, na kinoo.

Anafanya marufaa za kuwekea msahafu, zile za ubao mmoja. Wengi wanachukua vibao viwili wanatia bawaba au pini, yeye hapana. Anachukua ubao mmoja, anachora mstari katikati ya unene wake, anaupasua kwa msumeno kutoka huku mpaka karibu na kati, halafu kutoka kule mpaka karibu na kati. Pale kati panapobaki ndo kazi ilipo. Anachonga vidole vinavyopishana, kimoja cha uso wa juu, kimoja cha uso wa chini, anavizungusha kwa ncha ya patasi kutoka mbele na kutoka nyuma mpaka vinaachana ndani kwa ndani bila ya kitu kukatika. Akimaliza anaushika ubao kwa mikono miwili, anauvuta polepole, unasikika mlio mdogo, na ubao unafunguka msalaba. Kimya kimetushika ukumbi mzima, mama yake aliyekuwa anapembua mchele naye kasimamisha ungo. Vibao viwili vimeshikana, hakuna gundi, hakuna chuma, havitengani milele isipokuwa uvivunje.

Nimemuuliza zinazovunjika anazifanyaje akasema huko mwanzo zilikuwa nyingi, ziliingia jikoni. Ya kwanza iliyofunguka salama haikuuzwa, iko juu ya kabati chumbani, ndo anayosomea yeye. Haina hata ua moja juu yake. Nimeomba ruhusa kuifungua na kuifunga, nimefanya hivyo mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Ijumaa, Wete

Nimefika baada ya sala. Shikamoo Mzee, marahaba, halua na kahawa vimeshawekwa, na mazungumzo ya mbao hayakuanza mpaka vimekwisha.

Mzee huyu banda lake ni la makuti na ndani pana giza la baridi, na randa zake ni za mti, za baba yake. Ile ndefu uso wa chini umeliwa mpaka kapachika kipande kipya cha mbao ngumu pale mdomoni, kakibana vizuri hata kidole hakioni kiungo. Alinoa blade mbele yangu, kinoo na maji, akaijaribu kwa unywele wa mkono wake, akaibana kwa kabari, akagonga kichwa cha randa mara mbili, akalala na ubao. Randa, yaani utando wa mbao unaokatwa, lilitoka refu, jembamba, kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, akanikabidhi. Nimeliinua kwenye mwangaza wa mlango na nimeuona mkono wangu upande wa pili.

Umeme anao. Pemba ilivutiwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga 2010, kabla ya hapo ilikuwa ni majenereta ya Wesha, hukohuko Pemba, na mafundi wa kule walijifunza kazi zao katika hali ya umeme wa kuja na kuondoka. Nikamkumbusha lile giza la kwetu Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi umeme hakuna, mafundi wa mashine tulikaa vibarazani na wenye randa za mkono wakawa wanafanya kazi kama jana. Akasema mashine ni nzuri mwanangu, mimi ningekuwa kijana ningenunua, ila mkono usiusahaulishe.

Nyumba yake nzima ni mti mmoja. Mfenesi ulioanguka uani kwa upepo, akaupasua, akaukausha kivulini, na kila alipopata nafasi akatoa kitu. Mlango wa mbele, kitanda, kabati la nguo, kibao cha mbuzi, na juzi juzi kiti cha mjukuu. Mfenesi ukiupasua unakuwa manjano, miaka inauvuta kuelekea hudhurungi, basi unatembea chumba kwa chumba unaona mti uleule katika umri tofauti, kiti bado manjano, mlango umeshaiva kabisa. Milango ya kabati ile mbao ya kati hakuitia gundi, imekaa ndani ya mfereji wa fremu ikiwa huru, masika ikivimba inapata pa kwenda, kiangazi ikinywea inarudi. Nikasukuma kwa kidole ikacheza kidogo sana. Ndo maana halijapasuka, na mimi nimeona makabati ya bei kubwa mjini yamepasuka katikati kwa sababu fundi kamwaga gundi pote.

Jumamosi, njiani

Dada wa Vitongoji kanitumia ujumbe wa sauti nikiwa bado Mkoani nangoja boti. Nilimuomba vipimo vya marufaa, nataka kumfanyia mwanangu anayeanza madrasa. Anasema ubao uwe nchi moja kasoro robo, mkangazi au mfenesi, uwe mkavu kweli, usitoke karibu na moyo wa mti, na nyuzi zipite sawa na urefu, zikienda upande vidole vitavunjika siku ya kufungua. Msumeno niunoe upya kabla ya kuanza upande wa pili, si baada. Na nikifika kati nimpigie simu ya video kabla sijavuta.